Gusii na Mpaka wa Isebania: Kazi, Uraia na Haki za Anayevuka

Kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo kwa pamoja ndizo nchi ya Abagusii, hazigusi mpaka wa taifa lolote la kigeni. Kisii imezungukwa na Nyamira, Narok, Migori na Homa Bay, nayo Nyamira inapakana na Kericho na Bomet upande wa mashariki. Hata hivyo sera za uhamiaji za nchi jirani zinayagusa maisha ya watu wa kaunti hizi kwa karibu sana, kwanza kwa sababu mji wa Kisii uko chini ya kilomita 100 kutoka Isebania, kituo cha mpakani kinachotazamana na Sirari ya Tanzania, na pili kwa sababu ardhi ya Gusii haiwatoshi tena wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, hesabu inayotoa zaidi ya watu 950 katika kila kilomita ya mraba ya Kisii na karibu 675 katika Nyamira. Huu ni msongamano wa mji, lakini wanaosongamana ni wakulima wa ndizi, chai na mahindi, ambao mashamba yao yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vipande vingi haviwezi kulisha nyumba moja mwaka mzima.

Kuondoka, basi, ni sehemu ya uchumi wa Gusii, sawa na chai inayopelekwa katika viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo. Uhamiaji wa kazi, yaani kuhama kwa mtu kutoka makazi yake kwa nia ya kupata ujira au kipato mahali pengine, iwe kwa msimu mmoja au kwa miaka, umeelekea pande kadhaa: mashariki katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, kusini katika masoko ya Tanzania, na katika miaka ya karibuni nchi za Ghuba na Marekani, hasa jimbo la Minnesota ambako Abagusii wamefanya makazi makubwa. Kila upande una sheria zake, na uchambuzi huu unashikilia kwamba, ukizipima sheria hizo pamoja, utaona kuwa zinamlinda vizuri zaidi yule anayehitaji ulinzi kidogo, na zinamwacha nje yule ambaye ndiye hasa anayevuka mpaka kila juma.

Mpaka wenyewe haukuwekwa na watu wanaouvuka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890 yalichora mstari kutoka pwani, ukazunguka Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria, na kuwagawa Wakuria pande mbili, watu ambao lugha yao iko karibu sana na Ekegusii. Kwa Abagusii mstari ule ulikuwa mbali kidogo, lakini walionja maana yake mapema: Waingereza walifungua kituo chao cha utawala Kisii mwaka 1907, na Septemba 1914 majeshi ya Kijerumani yalivuka kutoka kusini na kuushika mji huo kwa muda mfupi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka kati ya koloni mbili ukawa mpaka kati ya maeneo mawili yaliyo chini ya Mwingereza mmoja, na kwa miongo minne kuvuka hakukuwa jambo la kuombewa ruhusa nyingi.

Udhibiti mkali ulikuwa ndani ya nchi. Kodi ya kibanda ilimlazimu Mwafrika kutafuta fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa kufanya kazi kwa mlowezi. Kisha kipande, cheti cha utambulisho alichovikwa shingoni kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefikisha umri wa kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kilihakikisha kuwa aliyeingia mkataba hawezi kuutoroka bila kukamatwa. Ni katika miaka hiyo ndipo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipofungua mashamba ya chai Kericho, na Gusii ikawa mojawapo ya hazina zao za wachumaji. Tangu mwanzo, kwa hiyo, sheria ilimsukuma mtu kuondoka kwao na papo hapo ikamnyima uhuru wa kuamua masharti ya kuondoka kwake. Tabia hiyo ya sheria haijafutika, ingawa kipande kilifutika.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, zikiwa na reli moja, shirika moja la ndege na posta moja. Jumuiya hiyo iliunganisha huduma, lakini haikumpa mfanyakazi haki anayoweza kuidai mwenyewe mbele ya hakimu. Ndiyo maana mwaka 1970 serikali ya Uganda iliweza kuwafukuza makumi ya maelfu ya wafanyakazi Wakenya bila ya wao kuwa na mahali pa kushtaki, na ndiyo maana Tanzania ilipoufunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, mfanyabiashara wa kawaida wa Isebania alibaki kungoja hadi 1983 viongozi walipopatana. Uhuru wa kutembea uliotegemea urafiki wa marais ulikwisha urafiki ulipokwisha.

Kabla ya kuigeukia Jumuiya ya sasa, inafaa kukaa kidogo Kericho, kwa sababu hapo Abagusii walijifunza kwamba suala la uraia halingoji mpaka wa kimataifa. Ibara ya 39 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini. Haki hiyo iliandikwa wazi baada ya maumivu. Katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Abagusii walifukuzwa Kericho, Kuresoi na Molo, wengine wakiwa wazaliwa wa kizazi cha pili au cha tatu katika vijiji vya mashamba ya chai, na mpaka wa Borabu na Sotik, hasa karibu na soko la Chebilat, uligeuka uwanja wa mapambano. Waliofukuzwa walikuwa na vitambulisho vya taifa mifukoni. Kilichowaponza ni dhana kwamba mtu ni mgeni mahali popote pasipo pa babu zake, dhana ambayo ndiyo ileile inayotawala mipaka ya nchi na ambayo hakuna afisa wa uhamiaji anayehitajika ili itekelezwe. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa: mchumaji chai aliyefukuzwa Kericho aliweza kudai, kama raia, makazi mapya, fidia na kura yake, hata kama alipewa kwa kuchelewa au hakupewa kabisa. Kibarua anayefukuzwa nchi ya jirani hana hata mlango wa kubisha.

Kericho yenyewe haipokei tena mikono kama zamani, kwa kuwa mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya wachumaji wengi, kiasi kwamba mwaka 2023 vijana wenye hasira walizichoma moto baadhi yake. Njia ya mashariki ikifinyika, ya kusini huzidi kutazamwa.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani mapatano ya nyongeza yanayoeleza kwa undani jinsi watu, bidhaa, huduma na mitaji vitakavyotembea kati ya nchi wanachama, ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 7 inahusu watu kwa jumla, ya 10 inahusu wafanyakazi, ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli na kujiajiri katika nchi nyingine, na ya 14 inampa haki ya ukaazi, yaani ruhusa ya kuishi katika nchi bila kuwa raia wake. Akisoma haya tu, mtu wa Nyamira angedhani kwamba Mwanza na Eldoret sasa ni sawa kwake.

Maelezo ya viambatisho yanapunguza sana kilichoahidiwa. Haki ya mfanyakazi inamhusu mwenye mkataba wa ajira, ambaye anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi baada ya kufunga mkataba na mwajiri, na ni katika zile kazi tu ambazo nchi husika imeziweka katika orodha ya ahadi zake. Kila nchi iliandika orodha yake, ile ya Tanzania ikiwa finyu kuliko ya Kenya, na uzito wa orodha hizo umeegemea taaluma na ufundi wenye vyeti. Mwalimu, mhandisi na mhasibu wanaonekana humo. Mbeba mizigo, mlima shamba la mtu kwa kutwa, muuza nguo za mitumba, mpishi wa kibanda na yaya hawaonekani. Ibara ya 15 inaiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi, na hati ya kusafiria nayo imeachwa kwa hiari: Ibara ya 9 inaziruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa, na Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo mwaka 2014, lakini Tanzania haikujiunga. Matokeo yake ni kwamba mkaaji wa Keroka anaweza kufika Kigali kwa kitambulisho chake peke yake, na kwa kitambulisho hichohicho hawezi kuingia Sirari kihalali, mpaka awe na pasipoti au pasi ya muda.

Asiye na pasi hutumia njia za panya, jina ambalo wakazi wa mpakani wamezipa njia za miguu na za pikipiki zinazopita mashambani na kuepuka kituo. Wengi wanaozipita si wahalifu. Kwa mtu anayevuka kununua magunia mawili ya maharagwe au mahindi ya kuuza Daraja Mbili, soko kubwa la mji wa Kisii, gharama ya muda na nauli ya kutafuta karatasi huweza kula faida yote. Lakini kosa dogo la kuingia bila pasi linamvua kila ulinzi unaofuata: akidhulumiwa bei, akiporwa, akinyimwa ujira wa juma zima, hawezi kwenda polisi bila kujishtaki mwenyewe kwanza. Huu ndio ubovu mkubwa wa mfumo uliopo. Si kwamba unawazuia watu kuvuka, kwa maana haujawahi kuwazuia. Ubovu ni kwamba unawavusha wakiwa wamekwisha kupoteza haki zao.

Kwa upande wa bidhaa, wanachama wa Jumuiya walielewa jambo hili zamani. Upo utaratibu rahisi wa biashara ndogo mpakani, ambapo bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupitishwa kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, bila wakala wa forodha na bila ushuru wa forodha. Gunia la maharagwe, kwa hiyo, lina fomu iliyoandikwa kwa kuzingatia udogo wake. Mwenye gunia hana fomu ya namna hiyo. Yeye hupimwa kwa kipimo kilekile cha mtaalamu wa kampuni au cha mwekezaji.

Julai 2025 hali ilizidi kuwa ngumu. Serikali ya Tanzania ilitangaza amri iliyowapiga marufuku wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara, miongoni mwazo uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, viwanda vidogo, na ununuzi wa mazao shambani kwa mkulima. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi, huku wenye leseni halali wakiruhusiwa kuendelea hadi leseni zao ziishe. Ni haki kueleza chanzo chake: wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wamelalamika kwa muda kuhusu wageni wenye mitaji mikubwa, wengi wao kutoka China, walioingia katika biashara ya rejareja. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini amri iliandikwa kwa neno moja tu, «asiye raia», bila kumtenga raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya na mgeni aliyetoka mbali, na hivyo dalali wa ndizi kutoka Suneka na mwagizaji wa makontena wakawekwa kapu moja. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakiuka Itifaki, na ukiisoma Ibara ya 13 ni vigumu kuona jinsi inavyoweza kuepuka lawama hiyo.

Kenya nayo haina sababu ya kujiona safi. Alipoapishwa tarehe 28 Novemba 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki watafanya kazi, biashara na makazi Kenya kwa kitambulisho tu, bila kudai kwamba nchi zao zilipe wema huo. Na Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipozuru Nairobi, Kenyatta alirudia kusema kwamba wafanyabiashara wa Tanzania hawahitaji viza wala vibali vya kazi. Matamko yote mawili yalipigiwa makofi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, hata hivyo, ilibaki na madaraja yake ya vibali, daraja D kwa mwajiriwa na daraja G kwa mfanyabiashara, na afisa anayemkagua Mtanzania katika stendi ya Kisii hufuata sheria, hafuati hotuba.

Mtanzania anayefanya kibarua Gusii, kwenye shamba la chai la mkulima mdogo au katika nyumba ya mtu, yumo katika hali ya kutatanisha. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya inampa «kila mtu», si kila raia, haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya. Sheria ya Ajira ya 2007 inaagiza usawa wa fursa kwa mfanyakazi mhamiaji, lakini kifungu chake cha 5 kinamtaja yule aliyeko nchini kihalali. Hapo katiba inafungua mlango mpana na sheria inauegesha. Kenya pia iliridhia mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu wahamiaji, namba 97 ya 1949 na namba 143 ya 1975, na huo wa pili unataka hata mfanyakazi ambaye hali yake ya ukaazi haiko sawa alipwe haki zinazotokana na kazi aliyokwisha kuifanya. Tanzania Bara haijaridhia wowote kati ya hiyo miwili. Kanuni ya mkataba wa 143 ndiyo ingepaswa kuwa msingi wa pande zote: jasho lililokwisha kumwagika halina uraia, na deni la ujira lisifutwe na kosa la pasi.

Uraia, yaani uanachama kamili wa mtu katika dola, unafuata mkondo tofauti kidogo, na hapa tofauti za majirani hawa wawili zinashangaza. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa uraia wa kuzaliwa mtoto wa mama au baba Mkenya, inamruhusu mke au mume wa Mkenya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na mgeni aliyeishi kihalali miaka 7 mfululizo pia anaweza kuomba. Ibara ya 16 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki na uraia wake hata akipata wa nchi nyingine. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na inampa nafasi ya kuomba uraia kwa ndoa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania, lakini si mwanamume aliyemwoa Mtanzania. Mgusii aliyehamia Minneapolis anaweza kuapa kuwa Mmarekani na bado akapiga kura ya Kenya na kurithi shamba la baba yake Kitutu. Mgusii aliyehamia Tarime, safari ya nusu siku kwa matatu, akitaka kuwa Mtanzania ni lazima aukane Ukenya. Na akiukana, Ibara ya 65 ya Katiba inamhesabu kuwa asiye raia, asiyeweza kumiliki ardhi ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo wengi hukaa katikati, wakihuisha pasi kila mara, miaka kumi na hata ishirini, wakiwa wageni wa kudumu katika nchi ambayo lugha yake wanaijua na watoto wao wanasoma humo.

Wanaopinga kulegezwa kwa mpaka wana hoja zinazostahili jibu. Wizi wa mifugo, silaha, na usafirishaji haramu wa watu, hasa wa watoto wanaoletwa kufanya kazi za ndani au kuombaombeshwa mitaani, ni mambo ya kweli katika ukanda huu. Lakini mhalifu hutegemea njia za panya kuliko mtu yeyote, na kila mfanyabiashara wa haki anayelazimishwa kuzipita humpa mhalifu umati wa kujifichia. Hofu ya Tanzania kuhusu ardhi ni nzito zaidi, kwa maana majirani wake wenye msongamano kama wa Gusii ni wengi, na hakuna haja ya kuibeza. Ibara ya 15 ya Itifaki imekwisha kuijibu: kumruhusu mtu kuuza na kufanya kazi si kumruhusu kumiliki shamba.

Njia ya mahakama ipo, na imeonyesha matunda. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la wakili Mkenya Samuel Mukira Mohochi, aliyezuiwa kuingia Uganda Aprili 2011, kwamba nchi mwanachama haiwezi kumkatalia kuingia raia wa nchi nyingine ya Jumuiya bila kufuata sheria na bila kumweleza sababu. Uamuzi huo ulithibitisha kuwa haki ya kutembea ni ya mtu mwenyewe, haiko mikononi mwa serikali yake kama zawadi. Lakini shauri hufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu tukio, kwa wakili na kwa nauli ya Arusha, na muuza ndizi hana vyote viwili.

Kinachohitajika kiko wazi. Tanzania na Kenya ziongeze katika orodha zao daraja la mfanyabiashara mdogo na kibarua wa mpakani, mwenye pasi nyepesi inayotolewa Isebania na Sirari kwa kitambulisho cha taifa, kama ilivyofanywa kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Amri ya 2025 irekebishwe iwataje raia wa Jumuiya kando. Na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya kiondolewe sharti linalomnyima mhamiaji ujira alioufanyia kazi. Wabunge wa Gusii walioko Nairobi, pamoja na wawakilishi wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, wanayo mamlaka ya kuanzisha mambo hayo, na wapiga kura wao wanaovuka Isebania wana haki ya kuwauliza wameanza lini.